Nani Atashika Swichi

Mwanamume aliyeitwa Kimya hakuogopa giza, hakuogopa kimo, na umeme aliuogopa kiasi tu, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Alikuwa fundi wa lifti. Nyinyi mnaopanda lifti mkijitazama kwenye kioo na kurekebisha kola, hamfikirii hata kidogo kwamba juu ya vichwa vyenu kuna shimo refu jeusi, na kwamba kuna watu wanaokula kwa kazi ya kutembea humo. Kimya alitembea humo akipiga mluzi. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo atatishwa na nini hata ashindwe kumeza chai yake asubuhi?

Kidole. Kidole chake mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu. Bosi wao, mama mmoja mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza, aliwakusanya mafundi wote karakana na kuwaambia kampuni imepata kazi ya kutunza lifti za hospitali ya watoto. Watu wakapiga makofi. Bosi akanyoosha mkono.

"Msishangilie bado. Pale ni kwa watoto. Kila atakayekanyaga pale, lazima polisi wachukue alama za vidole vyake na wamuulize maswali. Mnakwenda kesho, wote. Na kiongozi wa zamu atakuwa Kimya."

Aliyempendekeza ni Mzee Kamba, mwenzake wa shimoni kwa miaka mingi. Mzee huyo alimpiga Kimya kofi la mgongo lililotaka kumtoa pafu. "Nimekula kiapo kwa ajili yako, kijana wangu. Nimemwambia bosi, huyu akiharibu, unifukuze na mimi!"

Wenzake walicheka. Kimya naye alionyesha meno, lakini macho yalikuwa kwenye kidole chake.

Habari yenyewe ni hii. Alipokuwa na miaka kumi na sita, yeye na vijana wawili waliomzidi umri waliingia katika duka la mzee mmoja saa ya kufunga. Wale wawili walikuja kuchukua. Yeye alipewa nondo ashike, ya kutishia tu. Mwenye duka hakutishika. Aliruka kutetea mali yake, na Kimya akampiga, wala si mara moja. Mkono wa yule mzee haukunyooka tena. Sipaki rangi hapa, maana yeye mwenyewe hakuwahi kujipaka: hakulewa, hakusukumwa na mtu, alipiga. Hakimu akampeleka shule ya kurekebisha watoto, akakaa huko mpaka alipotimiza umri wa utu uzima.

Na shule hiyo ilikuwa na desturi yake. Mtoto akimaliza muda wake, Mkuu wa shule alimpeleka jikoni mbele ya wenzake, akamwambia avue yunifomu yenye namba na aitie motoni chini ya sufuria. Kisha Mkuu alisema kwa sauti ya juu, "Uliingia na namba, unatoka na jina. Mambo yako yameungua!" Watoto walishangilia mpaka mabati yakavuma. Zamu ya Kimya ilipofika alilia kwa kwikwi, na akaamini. Aliamini kwamba na kule mahakamani, na kule polisi, kesi yake imeteketea pamoja na ile kaptura. Mkuu alikuwa mtu mwema sana, na hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza, "Mwalimu, una hakika?" Kwa hiyo Kimya alitoka, akajifunza ufundi, akaoa, na hakumwambia mtu hata neno moja. Ya nini? Yameungua.

Lakini usiku wa Jumatatu hiyo, kwa mara ya kwanza, alijiuliza kama kweli yameungua. Swali dogo tu, na likamnyima usingizi.

Kesho yake walipanga foleni katika chumba chembamba cha polisi chenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Askari alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mtu wa kazi, asiyekuwa na muda wa utani. Alimuuliza kila mtu swali lilelile, kisha akamwambia aweke vidole kwenye kioo cha mashine. Mafundi walijibu harakaharaka na kutoka nje kuota jua. Zamu ya Kimya ikafika.

"Umewahi kupatikana na hatia ya kosa lolote mahakamani, ukiwa mtu mzima au mtoto?"

Au mtoto! Aliposimama kwenye foleni hakulisikia lile neno la mwisho, au alilisikia akalikataa. Akafungua mdomo. Haki ya Mungu, mimi nasema alikuwa karibu kusema kweli. Lakini nyuma yake alisimama Mzee Kamba, na ukimya haukuwahi kukaa vizuri na Mzee Kamba.

"Huyu, afande? Huyu hata nzi humwomba samahani kabla ya kumfukuza!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata askari aliuma midomo asicheke.

"Nijibu wewe mwenyewe, kaka," akasema.

"Sijawahi," Kimya akasema.

Neno moja tu. Kisha akaweka vidole. Mara ya kwanza mashine ilikataa, maana ncha za vidole vya fundi lifti zimeota sugu kwa waya na grisi. Kimya akaona tumaini dogo, akaomba kimoyomoyo ikatae tena. Askari akachukua kitambaa chenye spiriti, akampangusa kidole kimojakimoja kama mama anayemnawisha mtoto, akambonyezea mwenyewe. Mashine ikalia kwamba imepokea. Kimya alitoka nje, jua linawaka, na meno yanamgongana.

Tangu hapo hakuwa mtu. Simu ya karakana ikilia, anashtuka. Mlango wa ofisi ya bosi ukifunguliwa, moyo unamlipuka. Alimwona polisi wa barabarani akinunua karanga, akavuka upande wa pili. Aliwaza kazi, aliwaza mkewe, aliwaza kile kiapo cha Mzee Kamba. Unga ukimwagika, unamwagika wa watu wawili. Jamani, woga ni kazi ya kutwa nzima, na mtu hawezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Alhamisi walitumwa kwenye jengo moja la ofisi lenye lifti mbili. Magoti ya Mzee Kamba yalikwisha kukataa ngazi zamani, kwa hiyo mgawanyo wao ulijulikana: mzee anaingia chini shimoni, Kimya anapanda mpaka chumba cha mota juu kabisa, anazima swichi kuu, anaitia kufuli, kisha anasema kwenye redio. Mtu wa chini haoni kitu. Hana ushahidi wowote ila ile sauti. Katika kazi yao hakuna sheria nyingine kubwa kuliko hiyo: anayeshika swichi ameshika roho ya mwenzake.

Kimya akazima swichi, akatia kufuli, akasema kwenye redio, "Imefungwa."

"Haya, naingia," Mzee Kamba akajibu, na akaanza kuimba.

Kimya alisimama pale, mkono bado uko kwenye kufuli, macho yanatazama ukuta, akili iko kwa askari mwenye miwani. Halafu mota iliyo pembeni yake ikanguruma.

Ikamchukua pumzi nzima kuelewa. Swichi zilikuwa mbili, na yeye alikuwa amefunga ile ya lifti nyingine. Huko ghorofani mtu alikuwa amebonyeza kitufe, na kile chumba cha chuma kilikuwa kinashuka juu ya kichwa cha Mzee Kamba. Kimya alipiga yowe lisilo na maneno. Aliirukia swichi ya pili, lakini kabla hajaifikia mota ilinyamaza yenyewe. Kule chini, mzee alikuwa amelala kifudifudi kwenye mafuta, na kwa mkono mmoja amekigonga kile kitufe chekundu cha dharura kilicho shimoni.

Kimya aliruka ngazi mbilimbili mpaka chini. Alimkuta mzee ameketi sakafuni nje ya mlango wa lifti, uso umekuwa wa kijivu, kofia imemshinda kuvaa.

"Umetaka kuniua," mzee akasema taratibu. "Mimi. Umetaka kuniua mimi."

"Mzee wangu, nisamehe. Nisamehe sana."

"Una nini wewe? Juzi chai hunywi, jana unaongea na ukuta. Una ugonjwa? Una mwanamke? Sema!"

Basi Kimya akachuchumaa pale pale kwenye sakafu ya watu, akasema yote: duka, nondo, mkono wa yule mzee, yunifomu jikoni, na lile neno alilolisema Jumanne. Alipomaliza, akangojea ngumi. Ngumi ingekuwa nafuu. Mzee Kamba alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Umesikia? Funga bakuli. Huenda kweli imeungua. Huenda mashine yao mbovu. Mimi nimebakiza muda kidogo nistaafu, nimekula kiapo mbele ya yule mama, na nyumbani nina wajukuu wanaonitazama mimi. Hukuniambia kitu. Mimi sijasikia kitu." Akajiinua kwa kushika ukuta. Alipokuwa anaondoka, alipita mbali na Kimya, upande wa pili wa korido.

Jioni hiyo Kimya alipiga moyo konde akamwambia mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alikuwa kazini pale sebuleni, magauni ya harusi ya watu yamemzunguka. Alisikiliza huku anashona. Maneno yalipofika kwenye nondo, mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Huyo mwenye duka, yu hai?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuwahi kuuliza."

"Mh," mke akasema. Kisha, nadhani bila kujua anachokifanya, akauchukua ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa uliokuwa katikati ya meza, akauweka upande wake. Kimya aliuona ule mkasi unavyohama. Katika mambo yote ya wiki ile, hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana mwanamke huyu alikuwa anaogopa panya, radi na mama mkwe wake, lakini mumewe hakuwahi kumwogopa.

Kwa jirani redio ilikuwa inatangaza mpira.

"Sikiliza, mume wangu," mke akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa imara. "La nondo ulikuwa mtoto. Ni baya, baya sana, lakini ulikuwa mtoto, na ulilipa. Sitakutupa kwa hilo. Ila la Jumanne je? Jumanne pia ulikuwa mtoto?"

Kimya akaanza kuokota vipande vya vitambaa vilivyoanguka sakafuni.

"Asubuhi nenda ukaseme mwenyewe. Ukikaa hapa ukingoja waje, mimi sitangoja na wewe."

Ijumaa akajikaza kisabuni, akaenda. Njia nzima alikuwa anatafuta sababu ya kurudi: mvua, tumbo, hata kamba ya kiatu. Askari mwenye miwani alimtazama, akamtambua mara moja, na kwa vile alivyomtazama Kimya akajua kumekucha.

"Afande, nimekuja kurekebisha jibu langu."

"Kaa, kaka." Akavua miwani, akaifuta. "Jibu lako limeshajirekebisha. Majibu ya mashine yalitoka jana."

"Lakini tuliambiwa mambo yameungua. Mkuu wa shule alisema. Nilikuwa mtoto!"

"Kilichoungua ni nguo. Kumbukumbu za mahakama hazikai jikoni kwenu." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi. "Faili za makosa mengi ya utotoni hufungwa mtu akishakuwa mtu mzima, hakuna anayeyauliza tena. Lako si katika hayo. Silaha, na mtu akabaki kilema? Hilo linakua pamoja na wewe. Kesho ukigombana na jirani ukasimama mbele ya hakimu, hutahesabiwa mkosaji wa mara ya kwanza. Lazima ulijue hilo."

Kimya alihisi sakafu inashuka. "Kwa hiyo nitafukuzwa kazi kwa kosa la utotoni."

"Hapana. La utotoni, bosi wako angeweza kukaa na wewe mkazungumza. Watu huzungumza. Lakini kumdanganya polisi ni kosa jipya, na hili umelifanya na ndevu zako. Naweza kukufungulia kesi leo." Akavaa miwani, akavuta karatasi. "Nitaandika kwamba umekuja kwa miguu yako. Wakubwa wangu wataamua. Usisafiri. Na bosi wako alipata taarifa asubuhi hii, kwa hiyo wahi."

Alikimbia. Mtu mzima, amevaa buti za kazi, anakimbia katikati ya watu kama mwizi, na wengine kweli waligeuka kutazama nani anamfukuza. Alipofika karakana, mafundi walikuwa wamesimama mbele ya meza ya bosi. Mzee Kamba alikuwa mbele yao, kofia mkononi.

"Umefika wakati mzuri," bosi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Mzee amekula kiapo kwa ajili yako. Nimemuuliza kama alijua. Anasema hakujua. Ni kweli?"

Mzee Kamba hakumtazama. Alikuwa anaikunjakunja ile kofia. Kimya aliuona woga ule, akautambua, maana alikuwa ameuvaa wiki nzima. Neno moja lingetosha. Angeweza kusema, jana nilimwambia, naye akaniambia nifunge bakuli.

"Siku alipokula kiapo, hakujua," Kimya akasema.

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Kisha, akiwa bado anahema, akawasimulia wote, kwa maneno mengi kuliko waliyowahi kumsikia akisema tangu wamjue. Kuhusu ile swichi ya Alhamisi pia alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Waliokuwa karibu naye wakajikuta wamesogea hatua moja nyuma.

Bosi akaikunja ile taarifa ya polisi.

"Hospitali hutakwenda. Hilo lisahau, na uongozi wa zamu usahau. Polisi wakikutaka, sitakuficha. Lakini wewe ni fundi mzuri, na umesema mwenyewe. Nina majengo mengine. Tatizo ni moja. Kwenye shimo hakuna mtu anayefanya kazi peke yake." Akawatazama mafundi mmojammoja. "Nani ataingia naye?"

Mmoja aligundua kwamba buti lake lina tope. Mwingine alikohoa. Kimya alisimama pale, mikono inaning'inia, anangoja kama aliyepelekwa mnadani, na hofu yote aliyoibeba tangu Jumatatu haikufika robo ya ile. Wiki nzima aliogopa kugunduliwa. Sasa waliokuwa wakiogopa ni wao, na wanachokiogopa ni yeye.

"Nitaingia naye mimi," Mzee Kamba akasema.

Kimya akageuka. Alitaka kumkumbatia mzee, akaanza hata kunyoosha mikono.

"Ngoja," mzee akasema. "Sijamaliza. Bosi, nitaingia naye. Ila swichi nashika mimi. Siku zote. Yeye anakaa chini, mimi nakaa juu."

"Na magoti yako?" bosi akauliza. "Ngazi zote zile?"

"Nitapanda kwa kutambaa. Nitafika." Akamgeukia Kimya, macho yamemjaa machozi, na sauti yake haikuwa na chuki hata kidogo. "Si kwa ajili ya nondo, mwanangu. Utotoni hata mimi nilikuwa shetani. Ni kwamba nikiwa kule chini gizani, ukiniambia imefungwa, sitajua tena niamini au nisiamini. Siwezi. Naogopa."

"Sawa, mzee wangu," Kimya akasema. Angesema nini?

Siku hiyo hiyo mchana walitumwa kwenye jengo la ghorofa sita. Kimya aliketi ukingoni mwa shimo, akamsikiliza mzee anavyopanda, hatua moja na pumziko, hatua moja na pumziko, mara nyingine akilalamika kwa maumivu, na hakuruhusiwa kumsaidia.

Jioni mkewe alimpokea mlangoni. Alimtazama usoni, akatazama grisi mpya iliyokuwa mpaka kwenye nywele.

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Polisi je?"

"Nao bado."

"Alhamdulillahi," mke akasema, akashika kifua. "Sasa unalia nini?"

Kimya akakaa kwenye kiti, akajaribu kumweleza habari ya swichi ambayo hataishika tena.